Karavani ya Zamani, Paa Linalovuja na Mafundi wa Mashua wa Malindi

Mwenye karavani ya zamani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, katika pwani hii hana pa kuipeleka inapoanza kuvuja. Gereji za magari huiona kuwa nyumba, mafundi wa nyumba huiona kuwa gari, na mwishowe mwenyewe hununua bomba la silikoni dukani, hupanda juu ya paa na kupaka popote panapoonekana ufa. Kwa hiyo niliposikia kwamba kiwanja kimoja cha kutengenezea mashua hapa Malindi kimeanza kupokea kazi ya kuziba upya paa na mishono ya karavani, nilikwenda kukiona kabla ya kuipeleka yangu. Tathmini hii inahusu kazi waliyoifanya, vifaa walivyovitumia na jinsi kazi hiyo ilivyostahimili mvua za masika. Kwa ufupi, kazi ya juu ya paa ni nzuri kuliko nilivyotarajia, bei ni ya haki, na zipo kasoro mbili, moja ya kukera na nyingine ya hatari, ambazo mteja anayefuata anapaswa kuzijua. Kiwanja sitakitaja kwa jina kwa sababu ya hiyo kasoro ya pili, ambayo waliirekebisha bila ubishi.

Karavani yenyewe iliundwa Uingereza katika miaka ya 1980, na mwili wake una urefu wa mita 4 hivi. Muundo wake ni wa kawaida kwa karavani za wakati ule: kiunzi cha mbao nyepesi za msonobari kimevishwa bati jembamba la alumini kwa nje na plaiwudi kwa ndani, na katikati kumejazwa povu la kuzuia joto. Pale bati la paa linapokutana na bati la ubavu, kingo hukunjwa juu ya mbao, huwekwa gundi laini, kisha hufunikwa kwa reli ya alumini inayokazwa kwa skrubu zinazopenya hadi ndani ya mbao. Maana yake ni kwamba mshono wote umetobolewa kila baada ya sentimita chache, na kinachoyazuia maji yasiifuate skrubu ni ile gundi peke yake. Gundi ikikauka, kila skrubu hugeuka mfereji.

Na hapa kwetu hukauka upesi. Alumini hutanuka kwa takriban milimita 0.023 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Paa la mita 4 likitoka nyuzi 25 alfajiri na kufika nyuzi 65 saa saba mchana, jambo ambalo si ajabu kwa bati lililo juani, hurefuka kwa karibu milimita 3.7, kisha hurudi mahali pake usiku. Mwendo huo hurudiwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, na gundi iliyopoteza ulaini wake haiwezi kuufuata. Hupasuka au hubanduka upande mmoja. Ukiongeza mtikisiko wa barabara za vumbi ndani ya Tsavo Mashariki baada ya lango la Sala, ambako kila reli na kila ribiti hupigwa kwa saa nzima bila kupumzika, utaelewa kwa nini pembe za mbele ndizo zinazotangulia kufunguka.

Dalili zilikuwa zile zinazojulikana: doa la rangi ya chai kwenye dari, harufu ya ukungu kabatini, na plaiwudi inayobonyea kwa kidole karibu na dirisha la mbele. Jambo moja ambalo mafundi wa kiwanja walilijua bila kuambiwa ni kwamba doa halikai chini ya tundu. Maji yakishaingia hufuata mbao za kiunzi, huteremka na kona, kisha hujitokeza mahali ambapo hayana njia nyingine. Walitumia kipimo cha unyevu chenye sindano mbili, chombo ambacho wao hukitumia kwa mbao za mashua, na wakaandika kwa chaki namba ya kila sehemu ukutani. Kwa karavani, chini ya asilimia 15 huhesabiwa kuwa kavu, 15 hadi 20 ni ya kuangaliwa, na zaidi ya hapo ni dalili kwamba maji yanaingia au yaliingia na hayajatoka. Pembe ya mbele kushoto ilisoma zaidi ya 30.

Juu ya paa kulikuwa na historia ndefu ya marekebisho. Mwenye karavani wa kwanza alikuwa amelipa fundi mmoja ambaye alipaka silikoni ya bafuni juu ya kila mshono bila kufungua chochote, na baada yake mwingine alibandika utepe wa lami juu ya silikoni. Msimamizi wa kiwanja alipanda ngazi, akaupitisha ukucha wake chini ya utepe, ukainuka wote kama ganda la ndizi mbivu. Alinitazama akasema, “Mzee, hii si kazi ya kuziba. Hii ni kazi ya kufungua.”

Sentensi hiyo ndiyo sababu ya kuwapendekeza. Thamani ya huduma hii haimo katika kile kinachotoka kwenye bomba; imo katika saa nyingi za kuondoa vitu vya zamani kabla bomba halijafunguliwa. Silikoni ikishapakwa juu ya alumini huacha utando usioonekana, na hakuna gundi nyingine inayoshika juu ya utando huo, hata silikoni mpya haishiki vizuri. Vilevile zile silikoni za bei nafuu zenye harufu ya siki hutoa asidi ya asetiki wakati wa kukauka, na asidi hiyo hushambulia metali. Tuliliona jambo hilo kwa macho: chini ya silikoni bati lilikuwa na vijidoa vyeupe vya unga, na mahali pamoja kulikuwa na vitundu vidogo kama vya sindano ambavyo vilihitaji kiraka cha alumini.

Waliuvuta ukanda wa plastiki unaofunika skrubu za reli, wakazitoa skrubu moja moja. Zile za mbele hazikutoka nzima. Vichwa vilibaki kwenye bisibisi na mwili ukabaki kwenye mbao, umeliwa na kutu hadi ukawa mwembamba kama njiti. Reli ilipoinuliwa, gundi ya kiwandani iliyokuwa chini yake ilivunjika vipande vikavu vyeusi vilivyomwagika ubavuni. Waliikwangua kwa vikwaruzo vya plastiki ili wasilichubue bati, wakafuta mabaki kwa spiriti, na wakakataa kabisa kutumia petroli au mafuta ya taa, kwa sababu hayo nayo huacha mafuta. Mbao iliyooza ya pembe ya mbele ilikatwa na kubadilishwa kwa saipresi iliyotiwa dawa ya wadudu. Hapo walifanya kazi ya kiwango cha juu: maungio ya mbao mpya na ya zamani yalichongwa kwa mshazari mrefu, kama wanavyounga mbao za mashua, na sikuona pengo lolote.

Hatua moja ndogo ilinivutia kuliko zote. Kabla ya spiriti waliliosha paa zima kwa maji baridi ya bomba, yanayotoka kwenye chanzo cha maji cha Baricho, na si kwa maji ya kisima kilichopo palepale kiwanjani. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi. Ukisafisha bati kwa maji hayo, yakikauka huacha tabaka jembamba la chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu wa hewa, na gundi utakayoiweka juu yake itakuwa imeshika chumvi badala ya kushika bati. Fundi asiyefanya kazi kando ya bahari hawezi kulifikiria hilo.

Sasa vifaa. Chini ya reli waliweka utepe wa butili, aina ya mpira laini unaonata, wenye unene wa milimita 3, na huo ndio uamuzi sahihi. Butili haikauki ikawa ngumu; hubaki laini kwa miaka mingi, huifuata alumini inapotanuka, na siku reli itakapohitaji kufunguliwa tena itafunguka bila kupasua bati. Skrubu inapokazwa, butili hujisukuma na kuuzingira mwili wa skrubu yenyewe. Ubaya wake ni mmoja: haiwezi kuachwa juani peke yake, kwa sababu hukusanya vumbi na husogea taratibu joto linapozidi. Waliikaza reli nusu, wakaiacha usiku, wakakaza tena kesho yake, kisha wakasubiri siku kadhaa kabla ya kukata ile iliyotokeza pembeni kwa kisu cha plastiki. Fundi mwenye haraka hukaza mara moja na kukata palepale, na wiki inayofuata butili inakuwa imetokeza tena.

Kwenye ukingo wa juu wa reli walipitisha mstari mwembamba wa gundi ya bomba. Hapa tulijadiliana. Wao wamezoea gundi ya poliyurethani ya jamii ya Sikaflex, ambayo hushika kwa nguvu sana na hupatikana bila taabu kwa sababu hutumika katika ujenzi na katika mashua. Mimi nilitaka ile ya polima mseto, ambayo huvumilia jua vizuri zaidi; poliyurethani nyingi zikiachwa bila rangi juu yake hupauka na kutoa unga. Hatimaye tulikubaliana kutumia polima mseto paani na poliyurethani kwenye kiraka cha alumini, mahali ambapo nguvu ya kushika ni muhimu kuliko urahisi wa kubandua. Anayeona bei ya polima mseto kuwa kubwa anaweza kutumia poliyurethani kote na kuipaka rangi juu, lakini asiitumie chini ya reli, kwa kuwa fundi wa baadaye atalazimika kuipinda reli ili aitoe.

Wenye karavani na trela za Marekani zilizoezekwa mpira wa EPDM watahitaji kitu tofauti. Kwa mapaa hayo kuna gundi inayojisawazisha yenyewe, kama ile ya Dicor, ambayo humiminwa kuzunguka matundu ya hewa na vichwa vya skrubu, ikatandaa na kufunika bila kuhitaji kusawazishwa kwa mkono. Hiyo ni kwa sehemu zilizolala tu. Ukiipaka ubavuni itateremka yote hadi chini. Bidhaa zenye mafuta ya petroli zisiguse mpira huo, kwani huufanya uvimbe, na utepe wa lami unaouzwa kwa ajili ya mabati ya nyumba umo katika kundi hilo hilo. Kiwanja kilikiri kwamba hakijapata kufanya kazi kwenye paa la mpira, na ukweli huo ni bora kuliko majaribio juu ya mali ya mtu.

Kuhusu hali ya hewa, waliipanga kazi ndani ya kaskazi, kabla ya mvua kubwa za Aprili na Mei. Gundi za poliyurethani na za polima mseto hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, na Malindi haina upungufu wa unyevu, kwa hiyo ngozi ya juu hushika haraka kuliko muda unaoandikwa kwenye bomba. Walifanya kazi asubuhi mapema, wakapaka urefu mfupi, wakausawazisha mara moja, ndipo wakasogea mbele. Ilipofika saa nne waliacha, kwa sababu bati lilikuwa limeanza kutanuka na hakuna aliyeweza kuligusa kwa kiganja.

Nakuja kwenye kasoro. Ile ya kukera ni skrubu. Tulikuwa tumekubaliana juu ya skrubu za chuma kisichoshika kutu, lakini zilipopungua, reli ya nyuma ilikazwa kwa skrubu za kawaida zilizopakwa zinki bila mimi kuulizwa. Kilomita chache kutoka baharini zinki haidumu. Kabla masika hayajaisha, michirizi ya rangi ya kutu ilikuwa imeshuka kwenye ubavu mweupe. Walizibadilisha bila malipo, ila kubadilisha skrubu ni kulivuruga butili lililokwisha tulia, na kazi hiyo ilitakiwa kufanywa mara moja tu. Ni kweli kwamba chuma kisichoshika kutu nacho kikigusana na alumini penye chumvi huila alumini taratibu, lakini kikiwa kimezungukwa na butili, na eneo la alumini likiwa kubwa kuliko la skrubu, madhara huwa madogo.

Kasoro ya pili inatokana na ustadi wao wenyewe. Hawa ni watu waliokulia kwenye kalafati. Babu zao walizishindilia pamba zilizoloweshwa mafuta katika maungio ya majahazi, na kwao tundu lolote chini ya mstari wa maji ni msiba. Karavani, kinyume chake, ina matundu ambayo lazima yabaki wazi. Chini ya jiko na chini ya kabati la mtungi kuna matundu ya sakafuni yaliyowekwa kwa makusudi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hushuka na kutoka nje kwa njia hiyo badala ya kujikusanya chumbani. Kijana mmoja wa kiwanja, kwa nia njema na kwa mkono safi kabisa, aliyaziba yote mawili. Alikuwa pia ameziba ukingo wa chini wa reli za madirisha, ambao huachwa wazi ili maji yaliyofanikiwa kuingia nyuma ya reli yapate pa kutokea. Nilipomwonyesha msimamizi, alimwita yule kijana, akamweleza taratibu bila kumfokea, na gundi ikaondolewa kabla ya jioni. Hata hivyo, mteja asiyejua kazi ya matundu hayo angeondoka na karavani kavu ambayo si salama kupikia ndani yake.

Majaribio waliyafanya ipasavyo. Mpira wa maji ulianzia chini ukapanda juu polepole, sehemu baada ya sehemu, huku mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Ukianzia paani maji huteremka kote na huwezi kujua yameingilia wapi. Mashine ya maji ya nguvu hawakuitumia, na mteja pia asiitumie nyumbani, kwa kuwa msukumo wake hupenyeza maji mahali ambapo mvua haiwezi kufika. Ilipofika masika, mvua ya kusi ilikuja kwa ubavu kama ilivyo desturi yake, na ndani pakabaki pakavu isipokuwa tone moja lililotokea nyuma ya taa ndogo ya pembeni, ambayo haikuwa katika orodha ya kazi. Walikuja nyumbani wakaifungua na kuiwekea butili. Kipimo cha unyevu sasa kinasoma chini ya 15 karibu kote. Pembe ya mbele kushoto imeshuka hadi 18, na mbao za namna hiyo huchukua muda mrefu kukauka kabisa katika hewa yetu.

Kuhusu gharama, sehemu kubwa ya ankara ilikuwa ujira, karibu theluthi mbili, na iliyobaki ilikuwa vifaa na mbao. Baadhi ya watu niliozungumza nao waliona ni nyingi kwa kazi ya kupaka gundi. Sikubaliani nao, kwani gundi ilipakwa asubuhi chache tu na muda uliobaki ulikuwa wa kukwangua. Muda ndio walioukosea: kazi ilichelewa kwa sababu mashua za wavuvi hupewa nafasi ya kwanza, na sioni namna ya kuwalaumu kwa hilo, ingawa wangeweza kusema mapema.

Wapo wanaoshauri kujenga banda la makuti juu ya karavani na kuachana na gundi zote. Kwa karavani isiyosafiri, ushauri huo ni mzuri kabisa, na kivuli huongeza maisha ya kila mshono. Yangu husafiri, kwa hiyo haukunifaa. Hata hivyo, nimeihamisha kutoka chini ya mnazi, kwa sababu kuti kavu likianguka kutoka juu hubonyeza bati na kufungua mshono kwa pigo moja, na pia kutoka chini ya mvinje, ambao vijiti vyake vyembamba hujaa kwenye mifereji ya reli, hulowa na kukaa na maji siku nzima baada ya mvua kwisha.

Atakayekipelekea kiwanja hiki karavani yake afike mwishoni mwa Desemba au mapema Januari, kabla wavuvi hawajaanza kuandaa vyombo vyao kwa ajili ya kusi. Aandike kwenye karatasi aina ya skrubu, aina ya gundi kwa kila sehemu, na kwamba taa zote za nje zifunguliwe pamoja na reli. Matundu ya gesi na kingo za chini za madirisha ayazungushie mwenyewe utepe wa rangi nyekundu kabla ya kuondoka, na apige picha.